Uliza Dokta: Uvimbe kwenye ini, sindano au kisu?

Mwezi huu barua za ini zimekuwa nyingi kuliko kawaida, nadhani ni kwa sababu toleo lililopita tuliongelea homa ya ini aina B, watu wakaenda kupima na wengine wakakuta makubwa zaidi ya walichokifuata. Nimechagua barua sita. Nimezijibu kama vile mmekaa mbele yangu kliniki, kwa hiyo kuna jibu refu na kuna jibu fupi, msishangae.

Dokta shikamoo. Baba yangu ana miaka 61 na ana homa ya ini B tangu zamani. Wiki tatu zilizopita ultrasaundi imeonyesha uvimbe, siti skani ikasema sentimita 2.6 upande wa kulia wa ini, wakatuambia ni saratani hata kinyama cha kupima maabara hawajachukua. Daktari wa kwanza kasema operesheni, wa pili kasema inaweza kuchomwa kwa sindano bila kupasua. Kaka yetu mkubwa kakataa kabisa, anasema saratani ikiguswa na sindano ndo inasambaa. Tufanyeje? – Binti wa mzee, Tabata

Marahaba binti yangu, pole, na mpe mzee pole zangu. Barua yako nimeisoma mara mbili kwa sababu ina kitu ambacho sikioni mara nyingi, nacho ni hiyo sentimita 2.6. Wengi wanaoniandikia wanakuja na sentimita 10, 12, tumbo limejaa maji na macho ya njano, na hapo ninachoweza kuwaambia kinakuwa kidogo. Nyie mmewahi. Kwa hiyo msikae sebuleni kubishana mpaka miezi ipite, hilo ndo la kwanza ninalotaka kaka yako alisikie.

La kinyama nalo nilimalize. Hawajakosea. Saratani ya ini inayoanzia kwenye ini lenyewe inakunywa damu ya ateri, kwa hiyo siti skani ikipigwa kwa awamu, dawa ikiwa imechomwa mkononi, uvimbe unawaka dawa inapopita kwenye ateri na baada ya muda unafifia kuliko ini lililouzunguka. Kwa mtu mwenye makovu ya ini au homa ya ini B ya muda mrefu picha ya namna hiyo inatosha kusema ni saratani. Kinyama kinachukuliwa pale picha inapokuwa na utata.

Sasa kuna maswali mawili yanayoamua kila kitu kwenye ugonjwa huu. La kwanza wote mnalijua, uvimbe ni mkubwa kiasi gani, uko sehemu ngapi, umeingia kwenye mishipa au bado. La pili watu hawaliulizi kabisa, nalo ni ini lililobaki lina nguvu kiasi gani? Maana mgonjwa wa saratani ya ini mara nyingi ana magonjwa mawili kwa wakati mmoja, saratani na ini lenyewe lililojaa makovu, wenyewe tunaita sirosisi. Ukimkata kipande kikubwa mtu ambaye ini lake limeshachoka, saratani umeiondoa lakini kilichobaki hakitoshi kumuweka hai. Ndo maana madaktari wana alama zinazoitwa Child-Pugh, wanaangalia bilirubini, albumini, damu inaganda vizuri au inachelewa, kuna maji tumboni au hakuna, na mgonjwa akili imetulia au anachanganyikiwa. A ni ini bado lina nguvu, C limechoka kabisa. Waulize waziwazi, baba yupo A, B au C? Bila hiyo herufi mnabishana gizani.

Kama ni A na presha ya mshipa wa ini haijapanda, basi daktari wa kwanza ana hoja, operesheni ni tiba nzuri, na siku hizi kwa vivimbe vidogo vya pembeni hospitali zenye wataalamu wanafanya kwa matundu madogo na kamera, siyo lazima kupasua tumbo zima. Na daktari wa pili naye ana hoja. Sindano anayoisema inapitishwa katikati ya mbavu au chini yake, huku daktari anaangalia kwenye ultrasaundi au siti skani kila milimita inakokwenda, ncha inatua katikati ya uvimbe kisha inawashwa. Zipo za redio-frikwensi, ambazo umeme unaokwenda na kurudi unafanya nyama ya pale ipate joto yenyewe, na zipo za maikrowevi, hizi zinapata joto haraka zaidi na zinachoma eneo kubwa kidogo. Joto linavuka nyuzi 60, na kwenye joto hilo seli zinakufa papo hapo. Kuchoma kwenyewe ni dakika chache tu, muda mwingi unaliwa na maandalizi, ganzi au nusu kaputi, na kulenga. Wanachoma uvimbe pamoja na ukingo wa ini lisilo na ugonjwa unaouzunguka, nusu sentimita mpaka sentimita moja, kama unavyong'oa gugu na udongo wake. Wengi wanalala hospitali usiku mmoja, alama inayobaki ni kitundu cha kufunika na plasta.

Kwa uvimbe usiozidi sentimita 2, matokeo ya kuchoma na kukata yanakaribiana sana. Mpaka 3 bado kuchoma kunafanya kazi nzuri. Ukivuka 3 uwezekano wa kubaki mabaki unaongezeka. Mzee ana 2.6, yuko ndani ya mstari, lakini siyo ukubwa peke yake, mahali nako kunahusika. Uvimbe ukiwa umeegemea mshipa mkubwa wa damu, damu inayopita inabeba joto, ni kama kuchemsha chungu huku mtu anamimina maji ya baridi, ukingo wa upande ule hauivi. Ukigusana na kibofu cha nyongo au utumbo, moto unaweza kutoboa pasipotakiwa, ingawa mtaalamu mzoefu anaweza kumwaga maji kati ya ini na utumbo ili avisogeze kwanza. Haya yote yanaonekana kwenye siti skani mliyonayo tayari, kwa hiyo peleka CD yenyewe yenye picha, ripoti ya karatasi haitoshi.

Na kaka yako. Usimbeze, alichosema hakijatoka hewani, kupanda mbegu za saratani kwenye njia ya sindano ni jambo linalojulikana, ila linatokea kwa wachache sana, na ndo maana wakati wa kuchomoa sindano wanaiacha ikiwa na moto ili ichome njia nzima inapotoka. Mwambie hivi, kwa heshima: sindano ni hatari ndogo ambayo tunajua namna ya kuipunguza, lakini uvimbe ulioachwa utakua.

Ipo pia sindano ya spiriti, ethanoli kali inayodungwa ndani ya uvimbe. Wajapani waliianza mwanzoni mwa miaka ya 1980, kabla mashine za joto hazijafika. Kwa uvimbe mdogo wa chini ya sentimita 2 bado ina kazi, na bei yake huwezi kulinganisha na ya mashine. Kama hospitali yenu haina maikrowevi, msiione ni tiba ya kizamani mkaikataa.

Baada ya hapo picha nyingine baada ya mwezi, halafu kila miezi mitatu hivi kwa mwanzo. Na mjiandae kwa hili, uvimbe mwingine unaweza kutokea sehemu nyingine ya ini, maana ini lenye makovu ni lilelile. Ukitokea mdogo unachomwa tena. Dawa ya homa ya ini B, tenofovia, asiiache hata siku moja, hata kama anajisikia mzima.

Asalaam aleikum daktari. Mamangu ana uvimbe wa sentimita 7 kwa ini, daktari ametuambia hauwezi kukatwa wala kuchomwa lakini wanaweza kupitisha mrija kutoka kwa paja hadi kwa ini waweke dawa. Mimi nashindwa kuelewa, paja na ini wapi na wapi? Na je atapona? – Mwana wa pekee, Kisauni, Mombasa

Waaleikum salaam ndugu yangu, Mungu amjalie mama. Paja na ini zimeunganishwa na mabomba. Pale kwenye kinena kuna ateri kubwa, ukiingiza mrija mwembamba pale unapanda nao kwenye ateri kuu ya mwili, unakata kona kuingia ateri ya ini, halafu tawi la tawi mpaka lile linalolisha uvimbe wenyewe. Daktari anaona njia yote kwenye skrini ya eksirei, kama dereva anayesoma ramani. Wengine siku hizi wanaingilia kwenye kifundo cha mkono.

Uzuri wa tiba hii unatokana na namna ini linavyolishwa, na mimi kila nikiielezea nafurahi upya, maana Mungu ameumba ini tofauti na viungo vingine. Ini lina milango miwili ya damu. Kama robo tatu ya damu yake inatoka utumboni kwa mshipa mkubwa unaobeba chakula, robo inayobaki inatoka kwenye ateri. Lakini uvimbe wa saratani unategemea ateri karibu peke yake. Kwa hiyo ukiziba tawi la ateri linalokwenda kwenye uvimbe, uvimbe unakosa damu, wakati ini zima linaendelea kula kupitia mlango wa pili. Kwenye cheti utaiona imeandikwa TACE. Wanachanganya dawa ya kemo, mara nyingi doksorubisini, na mafuta maalumu yenye ayodini yanayong'ang'ania ndani ya uvimbe, wanaisukuma pale pale, halafu wanaziba na vipande vidogo vya jelatini au vijidonge vidogo sana. Dawa nyingi inabaki kwenye uvimbe, ndo maana mama hatapata yale mateso ya kemo ya dripu ambayo pengine mmeyaona kwa majirani.

Atapona? Nitakwambia ukweli, kwa sentimita 7 kusudio kubwa ni kuurudisha nyuma ugonjwa na kumpa mama muda, na muda huo unaweza kuwa mrefu. Mwaka 2002 zilitoka tafiti mbili, moja ya Barcelona na nyingine ya Hong Kong, zote zikaonyesha wagonjwa waliochaguliwa vizuri wakafanyiwa hivi waliishi zaidi ya wale waliopewa matunzo tu. Neno la maana hapo ni waliochaguliwa vizuri. Kama mama macho ni ya njano, au ana maji mengi tumboni, au ule mshipa mkubwa wa utumbo umeshaziba kwa saratani, kuziba na ateri ni kufunga milango yote miwili, ini linaweza kuzimika kabisa. Akikwambia daktari haiwezekani kwa sababu hizo, usimwone hana huruma. Na siyo lazima iwe mara moja, mara nyingi inarudiwa, na kuna wachache ambao uvimbe unasinyaa mpaka wakafikiriwa kwa kuchomwa au operesheni.

Akirudi wodini tegemea homa, maumivu upande wa kulia chini ya mbavu, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula, siku kadhaa na wengine hata wiki. Familia nyingi zinapata kiwewe hapo wanadhani wamemuua mama. Hapana, ni mwili unashughulika na nyama iliyokufa. Ila homa kali yenye kutetemeka, au homa iliyopoa halafu ikarudi upya, au macho kuanza kuwa njano, hapo mrudishe hospitali siku hiyohiyo, usingoje miadi.

Mtu anaweza kukutajia vilevile shanga za mionzi, za itriamu-90, zinapitishwa kwa njia hiyohiyo. Ni tiba nzuri sana, lakini mionzi yake inapungua nusu kila baada ya saa 64 hivi, yaani mzigo ukichelewa uwanja wa ndege umeshapoteza nguvu, kwa hiyo kuipata kwetu huku ni kazi. Usimcheleweshe mama kwa kuisubiri hiyo.

Dokta nimeona video mtandaoni mashine inavunja saratani ya ini kwa sauti tu, bila sindano wala moto. Ni kweli au ni wale wale wa kutafuta viewers? – Mwanachuo, Morogoro

Ni kweli. Inaitwa histotripsi, imetengenezwa kutoka Chuo Kikuu cha Michigan huko Marekani, na mamlaka ya dawa ya Marekani iliiruhusu kwa uvimbe wa ini Oktoba 2023. Mawimbi ya sauti yanalengwa sehemu moja ndogo, yanazaa vipovu vinavyopanuka na kupasuka kwa kasi na kusaga seli mpaka zinakuwa kama uji, ngozi ya juu haina hata mkwaruzo. Mimi naifuatilia kwa hamu kubwa. Lakini ni changa, bado hatuna miaka mingi ya kuwafuatilia waliotibiwa, na mwenye uvimbe leo asiweke matumaini yake kwenye video wakati kuna sindano ya joto ambayo tuna miongo ya uzoefu nayo.

Habari dokta, nilienda kuchangia damu wakaniambia nina hepataitisi B. Nina miaka 34, sina dalili yoyote, nacheza mpira kila jumapili. Rafiki yangu kaniambia siku moja nitapata saratani ya ini. Nipime nini? – Kijana wa Nyamagana, Mwanza

Mdogo wangu, asante kwa kuandika ukiwa huna dalili, ungejua ninavyotamani wote waandike wakati huo. Chanjo ya homa ya ini B iliingia kwenye chanjo za watoto Tanzania mwaka 2002, wewe ulikuwa umeshazaliwa, wala huna kosa. Wengi wenye virusi hivi wala hawapati saratani. Lakini hatari yako ni kubwa kuliko ya asiye navyo, na huku kwetu inakuja mapema. Kuna utafiti uliokusanya wagonjwa wa saratani ya ini kutoka nchi tisa za Afrika, ukachapishwa 2017. Ukiitoa Misri, umri wa kati wa wagonjwa ulikuwa miaka 46. Arobaini na sita! Watu wenye watoto shuleni na mikopo ya nyumba. Na kati ya wagonjwa hao wa nje ya Misri waliopata tiba yoyote ya saratani yenyewe walikuwa asilimia 3 tu. Misri ilikuwa asilimia 76. Sababu moja kubwa ni kwamba Wamisri, kwa vile homa ya ini C iliwatesa miaka mingi, walijenga kliniki za kufuatilia wenye maini mabovu, uvimbe unakamatwa ukiwa mdogo, na hizi sindano na mirija ninazozieleza hapa wanazo. Uvimbe ni uleule, tofauti ni siku ulipoonekana.

Nitakwambia kitu cha nyumbani kwangu. Mjomba wangu, mdogo wa mama, alikuwa na B. Alipigwa ultrasaundi hospitali moja kwa ajili ya mambo mengine kabisa, tumbo kujaa gesi, na ripoti ikaandika kuna doa la sentimita 2 kwenye ini, ifuatiliwe. Hakuna aliyemwambia. Karatasi ikawekwa kwenye faili, faili likawekwa kabatini, yeye akapewa dawa ya gesi akaenda. Miezi kumi na nne baadaye ndo akaja kwangu, suruali zote zimempwaya kiunoni halafu tumbo limevimba maji. Mimi mwenyewe ndo nililisoma lile faili. Sentimita 2, binadamu angechomwa na sindano akarudi nyumbani kesho yake. Tulimzika kabla ya mwaka kwisha. Kwa hiyo naomba sana, kila mtu anayenisoma, ripoti yako ya picha ni yako, iombe, isome, ukiona neno doa au uvimbe au ifuatiliwe usitoke pale mpaka mtu akueleze.

Wewe sasa. Nenda kliniki ya ini au ya tumbo, wapime wingi wa virusi, enzaimu za ini, na kama wana mashine ya kupima ugumu wa ini ni vizuri zaidi. Hayo ndo yataamua kama unaanza tenofovia sasa au unafuatiliwa tu. Waulize pia kuhusu ultrasaundi ya ini kila miezi sita pamoja na kipimo cha damu kinachoandikwa AFP. Miezi sita haikutolewa kichwani, inalingana na kasi ambayo uvimbe huu hukua, ukipima kila miezi sita kuna nafasi nzuri ya kuukuta bado uko chini ya sentimita 3. AFP peke yake haitoshi, kuna saratani ndogo ambazo haziipandishi kabisa. Kama baba au ndugu yako wa damu aliugua saratani ya ini usiruhusu mtu akuambie subiri mpaka ufike miaka 40. Mwenzi wako na ndugu zako wapime, wasio nayo wachanjwe. Pombe iache. Mpira endelea.

Dokta sisi huku tunalima mahindi na karanga, mwaka huu mvua ilitukuta kabla hatujaanua, mahindi yana ukungu kidogo. Tunayaosha tunayaanika tena tunasaga. Mtu kasema yanaleta saratani ya ini, ni kweli mama? – Mama Neema, Chamwino, Dodoma

Ni kweli mama yangu, wala kuosha na kupika hakuondoi. Sumu ya ule ukungu, sumukuvu, haifi kwa joto la ugali. Ikiingia nyingi kwa mkupuo inaua ndani ya siku chache, Kenya mwaka 2004 huko Makueni na Kitui waliugua watu 317 wakafa 125, na mwaka 2016 hukohuko Dodoma kwenu na Manyara kulitokea hivyohivyo. Ikiingia kidogokidogo kwa miaka inaharibu vinasaba vya ini, na mtu mwenye sumukuvu na homa ya ini B kwa pamoja hatari yake inazidi sana kuliko mwenye kimoja. Punje zenye ukungu, zilizovunjika, zilizobadilika rangi, chagua utoe, usizitengenezee pumba za kuku wala usipeleke kwenye pombe. Anika juu ya turubai, siyo chini kwenye udongo, mpaka punje ukiing'ata inavunjika kwa mlio. Najua kutupa debe la mahindi mwaka wa njaa ni uchungu, sikuambii ni rahisi.

Dokta salaam kutoka Muscat. Mimi nipo huku kikazi, kaka yangu Tanga kapatikana na saratani ya ini, familia wanataka kuuza shamba la minazi tumpeleke India. Naombwa nitume hela nyingi na mimi nipo tayari, lakini nataka kujua kwanza inafaa? – Mdogo mtu

Salaam mdogo wangu, Mungu akuzidishie kwa moyo huo. Usitume bado. Siyo kwamba India hawajui, wanajua sana, na kupandikizwa ini kwa mfano ni tiba inayowapeleka Watanzania kule. Lakini nimeona shamba likiuzwa, tiketi zikakatwa, mgonjwa akafika akaambiwa kwa hatua hii hakuna cha kufanya, akarudi akiwa amechoka zaidi na watoto hawana ardhi.

Fanya hivi. Picha za siti skani, za awamu zote, pamoja na majibu ya damu ya mwezi huu, ombeni zipelekwe kwenye kikao cha madaktari wa ini, upasuaji, saratani na radiolojia waangalie pamoja. Hapo nyumbani kuna kitu ambacho wengi hawajui bado: tangu 2018 Muhimbili wakishirikiana na madaktari wa Chuo Kikuu cha Yale cha Marekani wamekuwa wakijenga timu ya radiolojia ya tiba, yaani hawa hawa wa sindano na mirija, na 2019 mafunzo ya digrii yakaanza MUHAS, chuo kikuu cha afya cha hapo Muhimbili, kwa hiyo sasa kuna madaktari wa Kitanzania waliofunzwa hapahapa. Anzieni huko, waulizeni nini kinafanyika nyumbani na nini hakifanyiki. Picha zilezile zinaweza kutumwa India kwa intaneti kabla mgonjwa hajapanda ndege, na hospitali inayotaka mje kwanza ndo iangalie picha, mimi siiamini.

Kupandikizwa ini kuna kipimo chake, kinatoka Milan mwaka 1996: uvimbe mmoja usiozidi sentimita 5, au mpaka vitatu ambavyo kila kimoja hakizidi 3, na visiwe vimeingia kwenye mishipa wala kutoka nje ya ini. Kaka akiwa ndani ya hapo, na kuna ndugu mzima aliye tayari kutoa kipande cha ini, basi safari ina maana na shamba lina maana. Akiwa nje kidogo, TACE wakati mwingine inaurudisha uvimbe ndani ya kipimo. Akiwa mbali zaidi lakini ini bado ni A, kuna dawa za vidonge kama sorafenibu na kuna dripu za kinga ya mwili zilizokuja baadaye, muulizeni daktari wa saratani bei yake kwa mwezi na kwa miezi mingapi, msikubali kuambiwa bei ya dozi moja.

Na kama wakisema ini limeshachoka, daraja C, kaka halali kwa maumivu, basi zile hela bado zina kazi, ila kazi yake inabadilika. Macho yakiwa ya njano kwa sababu njia ya nyongo imezibwa, mtaalamu wa radiolojia anaweza kupitisha kamrija ngozini akaitoa nyongo nje, muwasho unapungua na mtu anaweza kulala. Maji ya tumboni yanatolewa kwa sindano, anapumua. Mofini ya kunywa ipo, ni ya maji, kule Uganda Hospice Africa wamekuwa wakiitumia tangu 1993 na wagonjwa wanakaa nyumbani na familia zao bila kupiga kelele usiku, hospitali ya saratani ya Ocean Road hapo Dar wana kitengo cha matunzo hayo ya kupunguza maumivu, waulizeni namna ya kuipata mkiwa Tanga. Ikianza mpeni na dawa ya kulainisha choo siku hiyohiyo, maana mofini inafunga choo na kwa mgonjwa wa ini choo kikifunga akili inachanganyika.

Ukipata siti skani hiyo niandikie tena, niambie ukubwa, idadi na ile herufi.